Nimelelewa kwenye kundi la dini na sasa nataka kutoka. Nianzie wapi?

Shikamoo shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 19, naishi hapa Tanga mjini, mtaa naomba uufiche. Nimezaliwa wazazi wangu wakiwa tayari kwenye kundi letu. Si kanisa linalojulikana. Ni watu mia na ushee, tunaishi nyumba zilizopakana, na wote tunamfuata kiongozi mmoja tunayemwita Baba Mlezi. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano, tumebaki mama, mimi na mdogo wangu wa kike wa miaka 13.

Kila Alhamisi usiku tunaungama mbele ya watu wote. Ukijua kosa la mwenzako ukanyamaza, kosa linakuwa lako. Nilipomaliza kidato cha nne, cheti kilichukuliwa "kutunzwa" ofisini pamoja na cheti changu cha kuzaliwa. Tangu hapo nashona kwenye chumba cha mafundi cha kundi, asubuhi mpaka magharibi. Hatulipwi, tunapewa chakula na kitambaa cha sare. Kisimu cha batani ninacho, ila laini waliisajili wao. Namba ya NIDA ninayo, kitambulisho chenyewe sijakifuata.

Sasa nimeambiwa nitaolewa na mtoto wa mzee mmoja wa kundi. Sijaulizwa. Na mdogo wangu wamemwachisha shule, na alipopata homa mwezi uliopita aliombewa siku tatu bila kupelekwa zahanati. Wanahubiri kwamba sindano ni kukosa imani.

Tumefundishwa kuwa anayetoka hamalizi mwaka. Kuna kaka alitoka akagongwa na bodaboda, na mpaka leo anatolewa mfano. Nikiwaza kuondoka mwili unatetemeka. Bibi mzaa mama yuko Muheza, hayumo kundini na mama alikatazwa kuongea naye. Nina shilingi 23,000 nilizoficha. Je, nimwambie mama kwanza? Nidai vyeti vyangu? Nimchukue mdogo wangu? Na hii laana ni ya kweli? Nimeandika kwa simu ya mteja.

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Nitakujibu yote, ila si kwa mpangilio ulioulizia, maana kuna moja haliwezi kungoja. Na kabla ya hilo, ukimaliza kusoma, mwombe huyo mteja afute barua yako na jibu hili kwenye simu yake, pale kwenye ujumbe na pale kwenye historia ya intaneti.

Lisiloweza kungoja ni mdogo wako. Mtoto mwenye homa aliyekaa siku tatu bila kupimwa, pwani hii yenye malaria, yuko kwenye hatari ya leo. Malaria kali humgeuka mtoto ndani ya saa chache. Piga 116, namba ya taifa ya kusaidia watoto. Haikatwi fedha, na yeyote anaweza kupiga bila kuwa mzazi. Wakikuuliza shida, usianze na mafundisho ya kundi wala tabia za kiongozi. Ofisa wa serikali hawezi kuichukulia hatua imani ya mtu, na malalamiko ya namna hiyo huishia kuandikwa tu. Sema mambo matatu yenye tarehe: siku homa ilipoanza na siku zilizopita bila tiba, siku alipoachishwa shule na jina la shule, na mahali anapoishi kwa sasa. Hayo yanaangukia moja kwa moja kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana mamlaka ya kufika nyumbani kuangalia. Mlango wa pili ni mwalimu mkuu wa shule aliyotoka. Utoro wa mtoto wa umri huo unamhusu yeye na mtendaji wa kata, wanaweza kuufuatilia bila jina lako kutajwa popote.

Ninasisitiza kwa sababu kundi likishaanza kukataza hospitali na shule kwa wakati mmoja, limevuka mstari. Pale Shakahola, kaunti ya Kilifi, pwani hii hii ukivuka mpaka, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa, na wengi walikuwa watoto. Huko nako watoto waliachishwa shule na matibabu yakakatazwa kabla ya kufika kwenye makaburi. Sisemi kundi lenu litafika huko. Ninasema usingoje kuona.

Ila usimchukue wewe. Najua moyo unakutuma uondoke naye mkononi. Mama yake yuko hai na ndiye mlezi wake kisheria. Ukiondoka naye bila idhini, kesho yake utafunguliwa jalada la kutorosha mtoto, polisi watamrudisha kulekule, na wewe utakuwa mtuhumiwa badala ya shahidi. Mtoto anatolewa na ustawi wa jamii au na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Dada mtu mzima aliye nje, mwenye anwani na bibi nyuma yake, ndiye wanayemtafuta wanapotaka ndugu wa kumpokea. Kwa hiyo kutoka kwako kunamsaidia.

Tuje kwenye kuondoka. Kosa linalowarudisha watu wengi kundini ni kutangaza mapema, na wa kwanza kuambiwa huwa ni mama. Mama yako anakupenda, sina shaka. Lakini umeniambia mwenyewe sheria ya Alhamisi: akijua akanyamaza, kosa ni lake. Ukimwambia Jumatatu umempa siku tatu za kuteseka, halafu atasema. Baada ya hapo kinachofuata katika makundi ya namna hii karibu kila mara ni kilekile: simu inachukuliwa, unapangiwa wenzako wa kulala nawe kwa zamu "kukuombea", na ndoa inasogezwa mbele. Usimbebeshe. Mtu wa kujua ni mmoja tu, bibi wa Muheza. Mpigie kwa simu ya mteja, umwambie maneno machache: nakuja, siku fulani, usimwambie mtu, usimpigie mama. Sikiliza anavyojibu. Bibi akianza kusema "ngoja kwanza nizungumze nao", hafai kupewa tarehe, tafuta ndugu mwingine.

Jambo ambalo halihitaji maandalizi ni imani yako. Wengi hukaa miaka wakijiuliza kama Mungu yupo upande wa Baba Mlezi au hayupo, wakidhani lazima wamalize swali hilo ndipo watoke. Si lazima. Swali hilo utalijibu vizuri zaidi ukiwa umelala usingizi wa usiku mzima, umeshiba, na hakuna anayekusikiliza. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadilisha imani hiyo. Huhitaji barua ya kujitoa wala ruhusa ya kiongozi. Ukiletewa karatasi ya kusaini, ya kujitoa au ya kukiri deni la chakula na malezi, usisaini. Mtoto hadaiwi alichokula.

Vyeti usividai sasa. Kuvidai ni kutangaza, na cheti kinachodaiwa hupotea. Matokeo yako hayamo kwenye lile sanduku la ofisini, yapo NECTA, Baraza la Mitihani. Unachohitaji ni namba yako ya mtihani, ile inayoanza na S, tarakimu nne za shule, kisha tarakimu nne zako, na mwaka. Kama umeisahau, shule uliyofanyia mtihani wanayo. Cheti cha kuzaliwa nacho kina kumbukumbu RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na nakala huombwa kupitia ofisi yao iliyo kwa Mkuu wa Wilaya. Nenda ukiwa na majina kamili ya wazazi, tarehe na mahali ulipozaliwa. Jambo moja la kuangalia: usiende polisi kuandikisha kwamba vyeti vimepotea wakati unajua vilipo. Hiyo ni taarifa ya uongo, na kundi likija na vyeti mkononi utaaibika wewe. Ukishatulia nje, bibi na mwenyekiti wa mtaa waandike barua fupi ya kuomba vyeti. Wakikataa, ndipo uende polisi useme ukweli, kwamba fulani amezuia nyaraka zangu. Hakuna jumuiya yenye haki ya kushika cheti cha mtu mzima.

Namba ya NIDA ndiyo mali yako kubwa kwa sasa. Ni tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo zinazobaki za kukariri ni 12. Zikariri. Kwa namba hiyo na alama ya kidole chako utasajili laini mpya dukani popote bila kitambulisho mkononi, na kwenye laini hiyo utafungua akaunti ya fedha yenye namba ya siri usiyompa mtu. Ukishapata laini mpya piga *106# uone kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa namba yako bila wewe kujua. Ukiikuta, nenda duka la mtandao husika waifute. Kisimu walichokupa na laini yao viache kitandani siku ya kuondoka.

Na si simu peke yake. Acha mkasi wa kushonea, futi, vitambaa, sare, na hata senti tano ya kundi usibebe. Makundi haya yakimkosa mtu hukimbilia kusema ameiba, kwa sababu kesi ya wizi inaeleweka kituoni haraka kuliko kesi ya imani. Ukiwa na nguo zako mbili tatu na ile 23,000 yako, hawana la kuandikisha. Fedha hiyo inakutosha. Muheza haifiki kilomita 50, nauli itamega sehemu ndogo. Baki na nauli ya safari mbili zaidi usiyoigusa, ili ukikuta kwa bibi pamechafuka usikwame. Wazo la kupanga chumba liweke kando kwa sasa, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Nguo zitoe kidogo kidogo, kanga moja leo, gauni moja keshokutwa, ziwekwe kwa huyo mteja kama unamwamini. Binti wa chumba cha mafundi anayetoka na kitambaa kilichokunjwa mkononi hashangazi mtu, anayetoka na begi anasimamishwa getini. Chagua siku ya kazi ya kawaida, asubuhi, siku ambayo huwa unatumwa dukani kununua uzi au zipu. Epuka usiku, na epuka Alhamisi na siku inayofuata mkesha, maana siku hizo watu huhesabiwa. Stendi ya Kange kila mtu wa mjini anapita, na lazima utakutana na anayekujua. Panda daladala la Pongwe, ushuke barabarani, uchukue gari la Muheza pale. Usimwachie mama barua ndefu ya maelezo. Barua itasomwa mbele ya watu na kila sentensi itajibiwa. Karatasi yenye mstari mmoja inatosha: "Mama, niko salama, nimeondoka kwa hiari yangu, nakupenda."

Ukifika Muheza, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, nenda na bibi kwa mwenyekiti wa serikali ya eneo lake, kisha kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia. Waambie: nina miaka 19, nimehamia kwa bibi kwa hiari, sijatekwa, na nilikotoka nilikuwa napangiwa ndoa nisiyoitaka. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hatua hii watu huiruka kwa aibu, na ndipo mambo huharibika: familia inatoa taarifa Tanga kwamba binti ametoroshwa, na bibi anajikuta anahojiwa. Ukiwahi wewe, taarifa yao inakuta jibu tayari.

Kuhusu ndoa nitasema kwa ufupi kwa sababu sheria yenyewe imenyooka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili, inataka notisi ya siku 21, na mfungishaji awe na leseni. Binti aliyelazimishwa hana ndoa, hata kama mahari imeliwa na watu wamecheza ngoma. Kama mambo yatawahi kabla hujaondoka, kataa kwa sauti, mbele ya mashahidi, na usishike kalamu. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kina ofisi Tanga na msaada wake haulipiwi. Huko ndiko pia utauliza juu ya ujira wa miaka uliyoshona bure. Madai ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, kwa hiyo uliza mapema, hata kama baadaye utaamua kusamehe. Mimi ningekushauri uulize.

Sasa laana. Umeniuliza kama ni ya kweli, na sitakujibu kwa kukucheka, kwa sababu hofu yako ni ya kweli hata kama laana si ya kweli. Tazama inavyotengenezwa. Aliyetoka akigongwa na bodaboda ni laana. Aliye ndani akigongwa, ni jaribu. Aliyetoka akifanikiwa hatajwi kabisa, jina lake linafutwa midomoni. Baba yako, Mungu amrehemu, alifia ndani ya kundi na umri wake ulikuwa haujafika uzeeni. Je, kuna aliyesimama Alhamisi akasema ni laana? Kipimo kinachohesabu upande mmoja tu hakipimi kitu.

Lakini hoja haiishi mwilini haraka. Uliambiwa hayo kabla hujajua kusoma, kwa hiyo mwili utatetemeka hata akili ikiwa imekataa. Tarajia haya: kuamka saa ya mkesha bila kuamshwa, kusikia nyimbo zenu kichwani, kushindwa kuchagua vitu vidogo kama nguo ya kuvaa kwa sababu siku zote ulichaguliwa, kulia bila sababu, na hamu kali ya kurudi. Hamu hiyo huja hasa usiku wa Alhamisi za mwanzo. Panga kabisa usiwe peke yako usiku huo, kaa jikoni na bibi, nendeni kwa jirani. Hofu ikikushika saa nane usiku, washa taa, weka miguu sakafuni, nawa uso, taja kwa sauti uko wapi na ni tarehe ngapi. Kisha andika kwenye daftari unachoogopa kitatokea na lini. Ukilisoma baada ya wiki nne utaona kilichotokea na kisichotokea kwa mwandiko wako mwenyewe. Na ukipata homa, nenda kituo cha afya ukapime malaria siku hiyohiyo. Muheza ina malaria tangu enzi, kwa waliotoka na kwa ambao hawakuwahi kuingia popote.

Ukipitisha usiku tatu bila usingizi kabisa, au ukianza kuwaza kujiua, au kusikia sauti zinazokuamuru, hapo si suala la daftari. Nenda hospitali ya wilaya, au Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga, uombe huduma ya afya ya akili.

Mwambie bibi jambo moja kabla hujafika, tena mwambie kwa heshima: asikupeleke kuombewa wala kwa mganga "kuondolewa laana". Ataona anakusaidia. Lakini anayekutoa laana amekubali kwanza kwamba unayo, na wewe utaanza upya kumtegemea mtu mmoja mwenye funguo. Kwa sababu hiyohiyo, miezi sita ya mwanzo usiape, usibatizwe upya, usijiunge na kikundi chochote kinachotaka muda wako wote, na usichumbiwe. Aliyezoea kuamuliwa huwa rahisi kuokotwa na mwamuzi mwingine, na wapo wanaowavizia watu kama wewe. Kusali peke yako, au kukaa kiti cha nyuma kanisani ukaondoka bila kuandikisha jina, hakuna anayekukataza.

Mama usimkate. Mara moja kwa mwezi mtumie ujumbe kupitia mtu mnayemwamini nyote, mfupi, usio na mabishano: mimi mzima, nimepata darasa la kushona, bibi anakusalimu. Usimtukane Baba Mlezi hata siku moja, kwa sababu mama amefundishwa kwamba waliotoka hurudi na matusi, na utakapokosa kuyatoa ataanza kujiuliza. Usitaje siku unazokuwa nyumbani wala njia unayopita.

Kisha jiandae kwa ujumbe huu, utakuja: "Mama anaumwa sana, anakuita." Ndiyo chambo kinachotumika kuliko vyote, na hutumika kwa sababu siku moja kinaweza kuwa kweli. Usipande gari papo hapo. Uliza amelazwa wapi na wodi gani. Makundi yanayokataza hospitali hayatakuwa na wodi ya kukutajia. Mtume jirani asiye wa kundi akaangalie kwa macho. Ikiwa kweli yuko Bombo, nenda saa ya kuona wagonjwa, mchana, na bibi na mjomba mmoja, umwone, umshike mkono, urudi Muheza jioni hiyohiyo. Ikiwa yuko nyumbani kwenye kundi, piga simu ustawi wa jamii Tanga, uwape jina lake na hali yake, uwaombe wafike wao.